Kanuni ya Mabao Matatu

Ladislav Vosika alikuwa na kanuni moja uwanjani, na hakuivunja: timu yake ikishamzidi mpinzani kwa mabao matatu, wale kumi na mmoja walioanza mchezo wanatoka, na waliokuwa benchi wanaingia. Wote. Hakuna cha huyu abaki kidogo, hakuna cha nahodha aongeze moja mama yake aone. Aliyelima wiki nzima pamoja na wenzake, naye aonje mavuno.

Chuo chake kilikuwa Bellmore, katikati ya mashamba ya mahindi ya Nebraska, na mpira wenyewe ni ule wenye ncha mbili, unaobebwa kifuani na kugombewa kwa mabega. Vuli alifundisha mpira. Masika, theluji ikishayeyuka, alifundisha riadha. Na asubuhi za misimu yote miwili alifundisha jiometri, maana chuo kidogo hakimlishi mtu kwa filimbi peke yake. Ni yeye aliyechora mistari ya uwanja kwa chokaa, na ni yeye aliyeendesha basi la timu. Mkewe, Adela, alifua jezi, na alizijua jezi zile kuliko mumewe alivyowajua waliozivaa.

"Namba kumi na saba hachezi," alimwambia siku moja akianika. "Tangu msimu uanze jezi yake haijaona tope."

"Yule ni Wilbur Stastny. Anajifunza."

"Anajifunza kukaa? Hilo alikuja akilijua."

Vosika alikuwa mtoto wa mhunzi wa Kicheki, mtu mfupi mwenye mabega ya baba yake na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Kanuni yake hakuitoa kitabuni. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini, chuo alichochezea kilipanda treni kwenda kucheza na chuo kikubwa, na kikapigwa mabao ambayo mwandishi wa matokeo alichoka kuyahesabu. Mchezo ukiwa umekwisha kufa zamani, kocha wa wenyeji aliendelea kuwaingiza mafahali wake wapya wapya, na katika dakika za mwisho kabisa mmoja wao akamvunja bega Rudy Zelenka, rafiki yake Vosika. Njia nzima ya kurudi Vosika alimshikia Rudy bakuli la supu huku treni ikiwatikisa. Walikuwa wameshashinda, alijiambia. Bega la Rudy walilitakia nini? Swali hilo lilikaa naye, na alipopewa timu yake mwenyewe alilijibu kwa vitendo. Wengi wetu tuna maswali kama hayo. Wachache tunayajibu yanapoanza kutugharimu.

Vijana aliwapata kwa mayai. Alisimamisha gari kwenye shamba lolote aliloambiwa lina watoto wa kiume, akaomba kununua mayai, na mama mwenye nyumba alipokwenda kuyaokota, Vosika aliegemea uzio akaangalia nani anarusha marobota ya nyasi juu ya ghala na nani anayasukuma kwa tumbo. Adela alijua msimu mpya umekaribia kwa kufungua kabati la jikoni.

"Wee Laddie, tuna mayai ya kulisha dayosisi. Huyu wa leo anaitwa nani?"

"Drbal. Otto. Ameinua gurudumu la trekta ili mdogo wake atoe mpira wa kuchezea."

"Na mayai yake yamepasuka matatu."

"Aliyabeba yeye."

Otto Drbal akaja Bellmore, akazuia mstari wa mbele kama ukuta wa kanisa, na vuli ilipokwisha akajua kwamba kwa Vosika hakuna kulala majira ya baridi. Aliyecheza mpira, masika atakimbia, ataruka au atatupa.

"Kocha, mimi nimeumbwa kusimama," Otto alisema.

"Vizuri. Simama hapo. Shika tufe hili. Sasa lifukuze."

Tufe la kwanza lilipita juu ya uzio likaingia bandani kwa mkuu wa chuo, na Jumapili ile familia ya mkuu ilikula kuku bila kupanga. La pili alilirushia upande mwingine. Kufikia mwaka wake wa mwisho hapakuwa na mtupaji wa kumfikia katika vyuo vyote vya jirani, na Bellmore ilikuwa ikibeba kombe la riadha karibu kila masika. Viunzi vya kuruka Vosika alivigonga mwenyewe kwa mbao za zizi lililobomolewa. Wageni walilalamika kwamba ni virefu kuliko vya kawaida. Vilikuwa virefu kweli, na vijana wa Bellmore wakienda kwa watu waliviruka vya wenyeji kama wanaruka dimbwi.

Lakini mpira ndio uliopendwa, na kombe la mpira halikuwahi kukanyaga Bellmore. Kwenye kabati la ukumbi mkuu, rafu ya riadha ilijaa mpaka vikombe vikakaa bega kwa bega, na rafu ya mpira chini yake ilikuwa tupu, hata mfagizi akaweka hapo chungu cha maua. Kila mwaka Orrin Mudge, kinyozi wa mji, alimuuliza Vosika akiwa ameshika wembe shingoni mwake:

"Kocha, yale maua yetu yanaendeleaje?"

"Yanataka maji, Orrin. Nyoa."

Ndipo ikafika vuli ya mwaka 1938, na timu ambayo mwalimu huipata mara moja katika maisha kama ana bahati. Nahodha alikuwa Emil Hruska, kijana mwembamba mkali, mwaka wake wa mwisho, mwepesi wa miguu kwa sababu masika matatu alikuwa amekimbizwa na Vosika kwenye zile mbao za zizi. Walishinda kila mchezo. Kanuni ya mabao matatu ilitumika karibu kila Jumamosi, na akina Wilbur Stastny wakaanza kurudi nyumbani na jezi zenye tope. Adela alizifua akiimba.

Alikuwa na sababu nyingine ya kuimba. Chuo kikuu kimoja cha mbali, chenye uwanja wa mawe na makocha wa kila kitu, kilikuwa kinatafuta kocha mkuu, na mtu wao, Bwana Prentiss, alikuwa ameandika kwamba atakuja kuutazama mchezo wa mwisho. Kazi ile ilikuwa mpira tu. Hakuna jiometri, hakuna basi, hakuna chokaa. Na ilikuja na nyumba ya matofali yenye tanuri chini yake inayopasha vyumba vyote joto, na makabati ya jikoni yaliyojengwa ndani ya ukuta. Adela aliisoma barua ile mara ya kwanza akiwa amekaa na mara ya pili akiwa amesimama. Wiki hiyohiyo alimpa jirani yake Libuše kabati lao la jikoni.

"Adela, kazi hatujapewa," Vosika alimwambia.

"Hamjapigwa na mtu mwaka huu. Na Libuše amelitamani kabati hilo tangu tufunge ndoa."

Mchezo wa mwisho ulikuwa dhidi ya Gilead. Nao hawakuwa wamefungwa. Atakayeshinda ndiye atakayebeba kombe. Kocha wao alikuwa Thurlow Begley, mtu mrefu mwenye kofia ya manyoya, rafiki na mshindani wa Vosika kwa miaka kumi na saba, na hawakuwahi kusalimiana bila kuchokozana.

"Laddie, nasikia mmehamisha chungu cha maua."

"Tumekihamisha, Thurlow. Kama unakitaka nitakupa uende nacho."

Mji mzima ulikuwa uwanjani, na upepo wa Novemba ulikuwa unang'oa kofia. Bwana Prentiss aliketi safu ya juu, blanketi magotini, peke yake. Wakulima walikuwa wameacha mahindi shambani. Mama yake Wilbur, aliyejulikana kwamba hajawahi kuwaachia ng'ombe wake mtu mwingine awakamue, alikuwa safu ya kwanza na kikapu cha kolache za plamu, maandazi ya Kicheki yenye tunda katikati.

Bellmore walicheza siku ile kama waliokwisha kuuona mchezo wote jana yake. Otto alikuwa amekwisha kuhitimu, lakini wadogo zake wawili walisimama mahali pake na nafasi ikajaa. Emil alifunga bao robo ya kwanza, mwenzake akafunga la pili robo ya tatu, na mara robo ya nne ilipoanza Emil alipokea mpira pembeni, akamruka mtu aliyemlalia miguuni kama anaruka kiunzi, akaenda mpaka mwisho. Kila bao lilikuwa pointi sita, na mkwaju unaolifuata ukipita huongeza moja; wa safari hii ukapaa pembeni kwa upepo, hakuna aliyejali. Ishirini kwa sifuri. Mabao matatu.

Ilipasa mtu aijue sheria ya mchezo ya zama zile ili aelewe kilichofuata, na uwanjani pale hata watoto waliijua. Mchezaji akitoka ndani ya robo, harudi mpaka robo ifuatayo. Na akitoka robo ya nne, robo ya tano haipo.

Emil alikuja mbio pembeni mwa uwanja, kofia mkononi.

"Kocha, leo tuache."

"Tuache nini?"

"Unajua ninachosema. Muda umebaki mwingi, na wale si wabovu. Tukitoka haturudi."

"Mwezi uliopita hukuilalamikia kanuni hii."

"Mwezi uliopita hapakuwa na kombe."

Asije mtu akasema kwamba Vosika hakufikiri. Aliifikiria rafu tupu. Aliifikiria nyumba ya matofali, na Adela akitembea ndani yake Januari bila koti. Alimwona Bwana Prentiss kule juu akiinama mbele. Aliwaza pia kwamba vijana hawa kumi na mmoja hawakuomba kupewa kocha mwenye kanuni, na kwamba kombe wanaloliacha ni lao kama lilivyo lake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angeweza kusema tu, "Rudini mkacheze," na hakuna mtu Bellmore ambaye angemlaumu, isipokuwa wachache.

Wachache wale walikuwa nyuma yake. Alipogeuka, benchi zima lilikuwa limekwisha kusimama. Hakuna aliyewaambia wasimame; walihesabu mabao wenyewe, kama walivyozoea. Wilbur Stastny alikuwa amevaa kofia, ukanda wake ameufunga chini ya sikio badala ya kidevu. Na kule safu ya kwanza mama yake naye alikuwa amesimama, kikapu kimemwegemea mguuni.

"Ingieni," Vosika alisema. "Wilbur, funga ukanda."

Emil alitupa kofia chini, akaketi.

Gilead walihitaji mashambulizi machache tu kugundua kwamba ukuta umeondolewa na umewekwa uzio. Walifunga. Kisha walipiga mpira wa kuanzisha upya, ukapaa na upepo, ukashuka moja kwa moja mikononi mwa Wilbur Stastny, ukagonga kifua chake, ukamponyoka. Gilead waliulalia, na baada ya muda mfupi walifunga tena. Vosika alitembea pembeni akiita kwa ile sauti ya ng'ombe, "Chini. Mabega chini. Mshikeni miguuni," na vijana wake walifanya walichoweza, na walichoweza hakikutosha. Bao la tatu lilipatikana wakati mwamuzi ameshaangalia saa. Mkwaju wa Gilead, ulioelekezwa upande wa upepo, ulipita katikati ya nguzo kama uliokwenda kwao.

Ishirini na moja kwa ishirini.

Begley alivuka uwanja polepole. Mikono yao ilikutana.

"Laddie," alisema, "mimi ningewaacha kumi na mmoja wangu mpaka jua lizame."

"Najua. Ndiyo maana una kombe."

"Usinifanye nione aibu, bwana. Nimelisubiri kombe hili kama wewe."

"Sikufanyi chochote, Thurlow. Chukua kombe uende, vijana wako wana baridi."

Jumapili, baada ya ibada, kulikuwa na chakula cha pamoja chini ya kanisa: maharagwe ya pilipili na nyama, na mkate wa mdalasini. Hakuna aliyemtukana Vosika. Walimpakulia tu kijiko kimoja mahali pa viwili. Orrin Mudge alimpita bila kumuuliza habari za maua, na hapo ndipo Vosika alipojua mji umekasirika kweli.

Bwana Prentiss alikuja nyumbani alasiri. Alikunywa kahawa, akasifu keki ya Adela, akageuza kikombe kwenye kisahani chake.

"Bwana Vosika, nimeona timu nyingi. Sijaona iliyofundishwa vizuri kama ile ya robo tatu za kwanza."

"Ahsante."

"Niambie jambo moja. Jana ingerudi leo, ungefanya tofauti?"

Adela alikuwa mlangoni, amebeba birika. Vosika alimwona. Alijua jibu analolitaka mgeni, na alijua kwamba si lazima liwe uongo mkubwa. Lingetosha kusema "labda".

"Ningewafundisha zaidi kudaka mpira wa juu," alisema. "Mazoezi yetu ya upepo yalikuwa machache. Kosa hilo ni langu."

"Lakini wangeingia."

"Wangeingia."

Bwana Prentiss aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akamshukuru Adela kwa keki. Alikuwa mtu muungwana, na alipofika mlangoni alisema wazi kwamba chuo chake kinataka mtu wa kushinda. Vosika alimjibu kwamba na yeye pia anapenda kushinda, kwa kuwa ni kweli.

Mlango ulipofungwa, Adela aliweka birika juu ya jiko la makaa.

"Toa toroli," alisema.

"La nini?"

"Kabati langu. Kabla Libuše hajalipaka rangi."

Walikuwa wamechelewa. Lilikuwa limepakwa kijani. Walilisukuma kwenye toroli barabara nzima ya mji, yeye mbele, Adela nyuma akiishika milango isifunguke, na watu waliotoka kanisani wakawatazama. Mbele ya duka la kinyozi gurudumu lilinasa kwenye ufa, na Orrin Mudge, aliyekuwa ameapa kutosema na Vosika mpaka Krismasi, alishindwa kuvumilia.

"Kocha, hiyo ndiyo rafu mpya ya kombe?"

"Ni ya mayai," Adela alimjibu. "Shika upande huo, acha kuongea."

Orrin alishika. Walipofika nyumbani alikunywa kahawa mbili, akasema alichokuwa nacho moyoni, tena chote, na kesho yake Vosika alinyolewa kama kawaida.

Wilbur Stastny hakurudi chuoni. Wiki ilipita, na Vosika akaendesha gari mpaka shambani kwao, safari hii bila kuulizia mayai. Alimkuta zizini anakamua.

"Unakosa jiometri," Vosika alisema.

"Kocha, niliangusha kombe la chuo."

"Uliangusha mpira. Kombe hukuwa nalo."

"Emil amesema sikupaswa kuwa pale."

"Emil ni nahodha mzuri na amekosea. Ulikuja mazoezini kila siku, mvua na vumbi. Ulipaswa kuwa pale. Ulipaswa pia kudaka. Yote mawili ni kweli, na la pili tutalifanyia kazi."

Wilbur aliendelea kukamua. Ng'ombe alipiga mkia.

"Na masika?" aliuliza mwishowe.

"Masika utakimbia maili mbili. Hapo hakuna cha kudaka."

Alirudi. Alikimbia maili mbili miaka miwili, hakushinda hata mara moja, na mara nyingi alileta pointi ya nafasi ya tatu, ambayo katika riadha nayo huhesabiwa.

Vosika alifundisha Bellmore miaka mingine kumi na minane. Alibeba makombe ya riadha mpaka rafu ikaongezwa. Kwenye mpira alimaliza wa pili mara nne. Mara tatu baada ya 1938 timu yake ilifikia mabao matatu dhidi ya mtu hatari, na mara tatu aliwatoa wale wa kwanza. Mara zote tatu walishinda, lakini haikuwa mwaka wa kombe. Emil Hruska alihitimu bila kumpa mkono, akawa wakili katika mji wa jirani, na miaka mingi hakuonekana uwanjani.

Alionekana siku ya chakula cha kumuaga kocha, mwaka 1956, mnene sasa, mwenye miwani. Alikula sahani mbili, kisha akasimama bila kuitwa.

"Nimekuja kusema jambo moja mbele ya watu wote," alisema. "Siku ile nilikuwa sahihi mimi."

Vosika alifuta mdomo kwa kitambaa.

"Huenda, Emil. Lakini walikuwa wameshavaa kofia."

Mtu mmoja alicheka, kisha wote, na Emil mwenyewe akacheka mwisho, si kwa furaha yote. Alikwenda mpaka meza ya mbele akampa mkono. Hakusema kwamba amebadili mawazo, kwa kuwa hakuwa amebadili.

Kanuni ya mabao matatu ilimgharimu Ladislav Vosika kombe pekee la mpira ambalo Bellmore ingeweza kulipata wakati wake, na kazi ya chuo kikuu ambayo hakuitwa tena. Ilimgharimu Emil Hruska na wenzake kumi kombe hilohilo, nao hawakuulizwa. Ilimgharimu Adela nyumba yenye joto. Alipika kwa jiko la makaa, na kuamka mapema kuliwasha, mpaka mwaka 1951, walipomudu jiko la gesi.